Kuficha Jina Si Kuficha Mtu: Mwongozo wa Simu na Siri za Mgonjwa kwa Sisi wa Wodini

Picha ilikuwa ya mguu tu. Kidonda cha kisukari chini ya kidole gumba, pembeni kimeshakuwa cheusi na kimeanza kutoa harufu. Nilikuwa mwaka wa tatu kazini na nilitaka kujua kama kuna namna bora ya kukisafisha. Picha haikuwa na sura wala jina, wala namba ya faili. Nikaituma kwenye grupu la wauguzi lenye watu zaidi ya mia mbili, nikaandika: "Ushauri wenu jamani, wiki ya tatu hii." Nikajiona nimefuata maadili yote niliyofundishwa chuoni.

Chini ya mguu ule kulikuwa na kanga. Sikuiona, maana macho yangu yalikuwa kwenye kidonda. Ilikuwa sare ya harusi, waliyoshona wanawake wa upande wa bwana harusi wiki chache kabla. Picha ikajihifadhi yenyewe kwenye simu za watu wa grupu, ikiwemo simu ya kaka mmoja ambaye mkewe alikuwa kwenye kamati ya harusi hiyohiyo. Siku ya pili, saa za kutazama wagonjwa, wifi wa yule mama akaingia wodini na simu mkononi. Nyumbani yule mama alikuwa amesema amekanyaga msumari. Binti yake alikuwa anaposwa, na hakutaka wakwe wasikie habari za ugonjwa ambao watu husema unarithiwa.

Hakuna aliyevujisha kitu kwa makusudi, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Mafunzo mengi yanatufundisha kuficha jina. Lakini katika miji yetu, ambako muuza mchicha anajua zamu ya nesi na kondakta anajua nani ameshuka kituo cha hospitali, jina ni kitu cha mwisho watu wanachohitaji ili kumjua mtu. Hatua zifuatazo ni zile ninazozifuata sasa, na ninazowafundisha vijana wanaokuja mafunzo kwa vitendo.

Hatua ya kwanza: jua siri inaanzia wapi

Ukimuuliza mtumishi mpya siri ya mgonjwa ni nini, atakwambia ni ugonjwa wake. Ni zaidi ya hapo. Kwamba mtu amefika hospitali, hiyo ni siri. Kwamba alikaa kwenye benchi la CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, Jumanne asubuhi ni siri kubwa zaidi, kwa sababu mtaa mzima unajua benchi lile ni la huduma gani. Dawa alizoandikiwa, aliyemsindikiza, aliyelipa bili, maneno aliyoweweseka akiwa na homa kali, ugomvi wa ndugu pembeni ya kitanda: vyote ni vyake. Sisi tumeviona kwa sababu alikuwa anaumwa na hakuwa na namna.

Sheria nayo iko wazi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo na taarifa za anayeishi na VVU zitunzwe kwa siri, na haimgusi daktari peke yake. Hata mtunza kumbukumbu yumo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na imeunda Tume ambako mgonjwa anaweza kupeleka malalamiko yake. Wenzetu wa Kenya wana Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010, Sheria ya Afya ya 2017 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Na kabla ya hizo zote kuna kiapo. Azimio la Geneva, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1948, linamtaka daktari atunze siri alizoaminiwa, na kwa maneno yake ya sasa azitunze hata baada ya mgonjwa kufa.

Hatua ya pili: kabla hujatoa simu mfukoni

Jiulize swali moja: picha hii itabadilisha matibabu ya mgonjwa huyu? Kama jibu ni hapana, simu ibaki mfukoni. Picha ya kumbukumbu, picha ya "kesi ya ajabu", picha ya kuonyesha wenzako kwamba wodi yenu imefurika wagonjwa, hizo hazina kazi kwa mtu aliyelala pale. Mambo ya wodi kufurika yana njia yake: mweleze mganga mfawidhi, andika ripoti yenye idadi ya vitanda na idadi ya wagonjwa. Namba hazina sura.

Kama inahitajika, omba ruhusa kwa maneno ambayo mgonjwa anayaelewa. Mimi husema hivi:

"Shikamoo mama. Kidonda hiki nataka daktari bingwa wa hospitali ya rufaa akione, atuambie kama kinahitaji upasuaji au tuendelee kukisafisha. Naomba nipige picha ya kidonda peke yake, nimtumie yeye mmoja, kisha niifute mbele yako. Ukikataa, nitakuhudumia vilevile. Unasemaje?"

Halafu nyamaza. Ukimya huo ni muhimu kuliko maneno yote. Mtu aliyelala na dripu mkononi, anayejua kwamba chakula chake, dawa yake na beseni la kujisaidia vinapita mikononi mwako, si rahisi akuambie hapana. Akisema "nyie ndio mnajua, fanyeni tu," bado hajakubali. Mwulize tena baadaye, ndugu wakiwa wametoka. Akikubali, andika kwenye faili: tarehe, sababu, na picha imekwenda kwa nani. Ikiwezekana aweke sahihi.

Ruhusa ina mipaka yake. Aliyekubali daktari aone hajakubali wanafunzi waone kwenye semina, na aliyekubali semina hajakubali ukurasa wa Facebook wa hospitali. Kila safari mpya ya picha inataka ruhusa mpya. Kwa mtoto, anayekubali ni mzazi au mlezi, ila kumbuka kwamba mtoto yule atakua, na picha itakuwa bado ipo. Kwa aliyepoteza fahamu, picha ya kumtibu ni jambo moja. Ya kufundishia isubiri aamke mwenyewe.

Hatua ya tatu: tazama kila kitu kisicho kidonda

Hapa ndipo nilipoangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kabla ya kupiga, ondoa kanga, kitenge, shuka la nyumbani, blanketi alilokuja nalo. Tandika shuka la hospitali lisilo na maandishi. Kisha zungusha macho polepole kwenye kioo cha simu, kuanzia kona ya juu hadi ya chini. Utaona vitu ambavyo jicho lako la kazi limezoea kuviruka: kibao cha kitandani, kadi ya dawa, utepe wa mkononi wa mtoto mchanga wenye jina la mama, daftari la MTUHA la kumbukumbu za wagonjwa lililofunguka mezani, kompyuta yenye orodha ya wagonjwa wa siku. Filamu ya X-ray huwa na jina na tarehe kwenye kona. Wengi hupiga picha ya mfupa uliovunjika na kusahau kona hiyo.

Mwili wenyewe una majina yake. Chale, kovu la kuungua, kidole kilichokatika utotoni, piko ya bibi harusi, pete ambayo mtaa mzima unaijua. Sogeza simu karibu mpaka vibaki nje ya picha. Vikibaki ndani, kata picha, usipake rangi juu. Kalamu za rangi za baadhi ya simu hazifuniki sawasawa, na mtu akiongeza mwanga wa picha maandishi yaliyo chini yanasomeka.

Video ni hatari maradufu kwa sababu ina sauti. Unarekodi namna ya kufunga bendeji, na nyuma yako nesi mwenzako anaita, "Mama fulani, ndugu zako wameleta uji!" Jina limeingia, na wewe umetazama video mara tatu bila kulisikia, kwa sababu ulikuwa unatazama bendeji.

Hatua ya nne: irekebishe simu yako leo

Haya ni mambo ya dakika kumi, na yanazuia zaidi ya nusu ya ajali ninazozijua. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uzime picha kujihifadhi kwenye simu. Kama picha zako zinapanda zenyewe kwenye akaunti ya mtandaoni, fahamu kwamba ukifuta kwenye simu unaweza kukuta nakala bado iko huko, na kwamba kishikwambi cha watoto nyumbani kinaifungua akaunti hiyohiyo. Tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp yako. Nimewahi kukuta kompyuta ya ofisi ya wodi ikiwa na mazungumzo ya mtu aliyehama kituo miezi kadhaa nyuma, yako wazi kwa yeyote anayekaa pale kuandika ripoti.

Unapotuma kwa daktari, tumia ile njia ya picha kuonekana mara moja tu. Haizuii kila kitu, kwa sababu mtu anaweza kuipiga kwa simu nyingine, lakini angalau haibaki imelala kwenye simu yake. Usitume picha kama faili la nyaraka bila sababu: ikitumwa hivyo inaweza kubaki na taarifa za mahali ilipopigwa.

Na fundi simu. Tunampa simu yenye kioo kilichovunjika, tunamwandikia namba ya siri kwenye karatasi ili ajaribu kama kioo kinafanya kazi, tunaondoka kwenda sokoni. Simu ya mtumishi wa afya haiachwi kwa fundi ikiwa na picha za wagonjwa. Ukiuza simu au ukimrithisha mdogo wako, ifute yote kwanza.

Hatua ya tano: namna ya kuomba ushauri kwenye grupu

Sitaki kusema makundi ya wataalamu yafungwe. Kuna vituo vya afya ambako tabibu yuko peke yake usiku, na grupu ndilo linalomsaidia kufikiri. Tatizo ni namna tunavyoandika. Tazama ujumbe huu, ambao nimeutunga kwa kufuata mfano wa mingi niliyoisoma:

"Habari za usiku wapendwa. Nina mama wa miaka 34, mwalimu hapa shule ya msingi jirani na kituo chetu, mimba ya tano, yuko kwenye dawa za VVU, ameletwa saa tatu akitokea msibani, presha 170/110, amepata degedege. Nifanyeje?"

Hakuna jina. Lakini mwalimu wa kike wa shule hiyo mwenye watoto wanne aliyeanguka msibani usiku huo ni mmoja tu, na sasa watu mia mbili wanajua hali yake ya VVU, jambo ambalo halikuhusiana kabisa na swali.

Kwanza kabisa, kifafa cha mimba si jambo la grupu. Piga simu kwa daktari wa zamu na hospitali ya rufaa, anza matibabu ya dharura kwa mwongozo ulio ukutani. Baadaye, ukibaki na swali la kujifunza, liandike hivi:

"Mjamzito, miaka ya thelathini, wiki za mwisho. Presha 170/110, degedege mara moja. Alipata dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti kabla ya rufaa. Swali langu: mnaendeleaje na dozi zinazofuata kama safari ya gari ni ndefu?"

Umri umebaki "miaka ya thelathini" tu, kazi imeondoka, mahali pameondoka, saa imeondoka, na ugonjwa usiohusika umeondoka. Swali limebaki zima, na kwa kweli limekuwa bora. Ukiweza, subiri siku kadhaa zipite kabla ya kuliuliza. Na pale ambapo ugonjwa wenyewe ni adimu, kama pacha walioungana, hakuna maneno yatakayomficha mtu, kwa sababu mkoa mzima utakuwa nao wawili hao tu. Hapo ongea na mtaalamu mmoja kwa simu.

Msimamizi wa grupu ana kazi kubwa kuliko kuongeza namba. Ajue nani yumo. Aliyeacha kazi, aliyehamia kuuza dawa, ndugu aliyeingia "kufuatilia nafasi za ajira", watoke.

Hatua ya sita: stetasi, TikTok na huzuni yako

Video za kucheza ukiwa na sare wodini, ziache, hata kama mgonjwa haonekani. Anayeumwa chumba cha pili anasikia muziki.

Linaloniumiza zaidi ni lile linalotoka kwenye moyo mzuri. Mkunga amehangaika na mtoto mchanga usiku kucha, mtoto hakuishi. Asubuhi, akiwa kwenye daladala, anaandika stetasi: "Leo tumempoteza malaika, roho inaniuma." Hajataja mtu. Lakini baba wa mtoto yuko safarini, hajaambiwa, na shangazi yake ana namba ya yule mkunga. Huzuni ya mtumishi ni ya kweli, na sisemi aimeze. Itafutie mtu: mwenzako wa zamu, matroni, kiongozi wako wa dini, ana kwa ana, bila maandishi. Stetasi hudumu saa 24, na picha ya skrini haina mwisho.

Kuhusu ajali za barabarani na chumba cha maiti nitasema machache. Hakuna ndugu anayepaswa kujua kwamba amefiwa kwa kuona mwili kwenye simu. Ukimwona mgeni anarekodi mlango wa majeruhi, msogelee taratibu: "Kaka, samahani, humu haturuhusu kupiga picha. Huyo ni ndugu wa mtu. Naomba uifute." Wengi hufuta. Asiyefuta, mwite mlinzi.

Hatua ya saba: majibu ya wanaouliza

Watauliza jirani, kiongozi wa mtaa, mwandishi wa habari, mama mkwe. Watauliza inboksi: "Dada, eti fulani kalazwa kwenu?" Uwe na sentensi moja, itumie kwa watu wote, kuhusu wagonjwa wote: "Siruhusiwi kuzungumzia mgonjwa yeyote, hata kusema kama yupo au hayupo."

Hiyo "wote" ina sababu. Ukizoea kujibu "hayupo" kwa wale ambao kweli hawapo, siku utakaponyamaza kuhusu mmoja, ukimya wako utakuwa jibu. Mtu maarufu akiletwa, sentensi ni ileile. Msiba ukitokea, sentensi ni ileile. Chanzo cha kifo kinasemwa na familia, kama itataka.

Hatua ya nane: wakati wa kusema, na mahali pa kusema

Kuna siri ambazo sheria inatutaka tuzifikishe. Kipindupindu kinaripotiwa kwenye mamlaka ya afya. Mtoto aliyeumizwa au kubakwa anaripotiwa serikali ya mtaa, ustawi wa jamii na polisi. Majeruhi wa kipigo ana fomu ya polisi, PF3. Taarifa hizo huenda kwa ofisi inayohusika na kuishia hapo. Hasira juu ya mtu aliyemuumiza mtoto inaeleweka, lakini ukiandika habari hiyo mtandaoni umemtaja mtoto pia, kwa sababu watu watauliza ni baba wa nani.

Hatua ya tisa: ikishavuja

Futa kwa kila mtu mara moja. WhatsApp inatoa takriban siku mbili tu za kufanya hivyo. Andika kwenye grupu, bila kurudia maelezo ya mgonjwa: "Picha niliyotuma asubuhi ilikosewa. Tafadhali ifuteni kwenye simu zenu na msiitume popote." Mwambie muuguzi mfawidhi au mganga mfawidhi siku hiyohiyo, kwa mdomo na kwa maandishi. Taasisi ina wajibu wa kuiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kwa Kenya taarifa humfikia Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72, kwa hiyo ukikaa nalo moyoni unawanyima wenzako muda. Kiongozi anayepokea habari hii asianze kwa kufoka. Akifoka, wa pili hatakuja kusema.

Halafu nenda kwa mgonjwa kabla habari haijamfikia kwa mdomo mwingine. Kaa kwenye kiti, usisimame juu yake. Mwambie ulichofanya, nani ameona, umefuta nini, na anaweza kulalamika wapi. Usiseme "ilitokea bahati mbaya". Usimwahidi kwamba imefutika kote, kwa sababu hulijui hilo.

Mimi nilichelewa. Nilikwenda kwa yule mama baada ya wifi yake kuondoka, nikamweleza, nikamwomba radhi. Hakunigombeza. Aliniomba tu bendeji yake iwe inafunguliwa na nesi mwingine, na hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka aliporuhusiwa kwenda nyumbani. Lakini siku ile, kabla sijainuka kwenye kiti, aliniambia nimwonyeshe simu. Nikaifungua ile picha, mguu wake, kidonda chake na kanga ya harusi, nikaifuta huku anaangalia. Alikaa akikitazama kioo kwa muda, kisha akaniuliza:

"Na kwa wale wengine, mwanangu?"